Mwaka Baiskeli Iliponyamaza

Nyinyi wenye miguu mizima na masikio yaliyozibwa, haya nawaandikia nyinyi. Mnapita mbele ya mlango wangu na nyuzi masikioni. Naita mtu kwa jina lake, haitiki, kumbe anaimbiwa na watu ambao hata hawamjui. Sitaki kugombana. Nimegombana nanyi miaka mingi na faida yake sikuiona. Leo kaeni, toeni hizo nyuzi, msome. Siwaandikii hekima. Nawaandikia habari ya mipira ya baiskeli, na mtu akicheka kabla ya kufika mwisho, hatakula kwangu Jumapili.

Babu yenu Bolamba tumemzika. Matanga yamekwisha, turubai limerudi kwa mwenyewe, sufuria kubwa zimeoshwa, na wale waliolia kuliko sote wamepanda pirogi, mitumbwi yao, wamerudi Isangi. Nyumba ikabaki na ukubwa ambao sikuujua. Ndipo Nadine, huyu mjukuu wangu wa chuo kikuu, akafungua depo nyuma ya jikoni kutafuta mahali pa kuweka magunia, akatoka na mifupa ya baiskeli, buibui hadi kwenye usukani. "Koko! Kumbe iko muzima! Nitaenda nayo ku cours, ku chuo." Akaifuta kwa kitenge changu bila kuomba. Halafu akaniuliza, kama mtu anavyoomba chumvi: "Koko, barabara sasa iko gudroni mpaka kule. Nitie pneu gani, ya meno ao ya laini?" Pneu ndiyo mipira, gudroni ndiyo lami. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo. Mikono ikasimama. Siku zote za matanga sikulia mbele ya watu; walisema Mama Zaina ana moyo wa jiwe, nami niliwasikia, walikuwa wanasemea jikoni. Sasa machozi yakaanguka ndani ya sombe. "Koko, mi nauliza pneu, weye unalilia babu?" Nikamwambia, "Nalilia pneu. Chambua hii sombe, acha maneno." Akachambua. Hata hakuchambua vizuri.

Mwaka ninaousema mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, na mimi nilikuwa mdogo kuliko Nadine. Nilikuwa nimeolewa na Mlokele, Mkristo wa mtoni, mimi mtoto wa Wangwana niliyekua kwa adhana na wali. Baba yangu hakupiga, hakulaani. Alisema, "Mulango njo huu," yaani ndio huu, akautazama mlango badala ya kunitazama mimi, nikatoka. Mama alinyamaza kwa sababu baba alinyamaza. Ya kabla ya hapo siandiki; waliokuwa wanayajua wamekufa, na waliobaki wanayajua vibaya. Ninachoandika ni chumba. Kilikuwa chumba kimoja ndani ya ua wa Walokele, chini karibu na mto, kuta za udongo, bati juu ambalo mchana lilitupika na mvua ikinyesha lilitukataza kusemezana. Dirisha moja, na pazia lake gunia la unga kutoka kazini kwa Bolamba. Hewa ikiwa na unyevu lile gunia lilinukia mkate, hata siku ambazo mkate hatukuwa nao. Kitanda, sanduku, taa, sahani mbili. Na nyuma ya mlango, ikiegemea ukuta kama mgeni aliyekataa kukaa, baiskeli.

Haikuwa kinga ya mji. Kinga ndivyo tulivyoita baiskeli, na kinga za mji zilikuwa nyeusi, nzito, usukani umepanuka kama mtu anayetaka kukumbatia. Hii usukani wake ulijikunja chini kama pembe za kondoo dume, na mwili wake ulikuwa mwepesi hata mimi niliinua kwa mkono mmoja. Bolamba alipewa na kijana mmoja wa Kibelgiji, karani, ambaye kwao alikuwa mtu wa mbio za matope. Bolamba aliponieleza nilidhani ananidanganya: kwamba kule Ulaya, wakati wa baridi, watu wazima wanaendesha baiskeli kwa makusudi ndani ya mashamba yenye matope, na wakifika mahali haipiti wanaibeba begani na kukimbia nayo, na watu wengine wanasimama kwenye baridi ile ile kuwashangilia. Nikamwambia, "Basi watu ya barabara ya Opala, na matope yake, wote iko ma-champion." Alicheka hadi akakaa chini. Yule kijana aliileta huku akitumaini kupata wenzake wa matope. Matope aliyapata, wenzake hakuwapata. Alikuwa anaonekana Jumapili peke yake, anazunguka viwanja vilivyojaa maji, mtu na baiskeli yake, na watoto wakimtazama kama kichaa mpole. Muda wake ulipokwisha akarudi kwao, baiskeli akamwachia Bolamba, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamletea mkate kila asubuhi na ndiye peke yake aliyewahi kumuuliza mbio ziliendaje. Zamani nilikuwa namcheka yule mzungu. Sasa, nikimkumbuka, nasema tulikuwa wapweke wawili ndani ya mji mmoja na hatukusalimiana hata mara moja.

Kazi ya Bolamba ilikuwa kupeleka mikate. Mgiriki mmoja alikuwa na tanuri mjini, na kabla jua halijatoka Bolamba alifunga kikapu kikubwa nyuma ya baiskeli na kuzunguka mitaa ya wazungu, akiacha mkate mlango kwa mlango. Na mipira ya baiskeli ile, sasa nifike kwenye neno lenyewe, ilikuwa mipira ya matope: myembamba, yenye meno kila upande, meno magumu kama ya mamba mtoto. Kwenye udongo mwekundu wa mtaa wetu iliguna chini chini kama mzee anayetafuta viatu vyake. Lakini gudroni ilipoanza, pale juu baada ya mfereji, ilipandisha sauti. Kila jino lilipiga barabara, na meno yote yakawa sauti moja, ndefu, ya juu: vuuu! Mngeweza kuisikia mtu akiwa hata hajaonekana. Bolamba alisema inachosha miguu, kwamba kwenye gudroni meno yale yanamshika mtu kama mtoto anayekataa kuachwa. Mimi sikujali miguu yake. Alfajiri nililala na macho wazi, nikamfuata kwa masikio: kwanza kuguna, halafu kimya kidogo kwenye mfereji ambapo aliibeba, halafu vuuu, inakwenda, inakwenda, hadi inapokuwa nyembamba kama uzi.

Na kwenye barabara ile ya gudroni, katikati ya safari yake, nyuma ya ua wa michongoma, ilikuwepo nyumba ya mama yangu.

Mkitaka kujua mwaka ule nilikuwa nangoja nini, nilikuwa nangoja hilo tu: mama aje, au aite, au atume hata mtu wa kunitukana. Hakuja, hakuita, hakutuma. Lakini nilijua saa ile anapokwenda kunawa kwa ajili ya sala ya alfajiri, birika mkononi, taa chini, kanga mabegani, kwenye jiwe lile karibu na ua, na nilijua baiskeli inapita wakati ule ule. Kwa hiyo alikuwa anaisikia. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka iwe hivyo, nikaifanya iwe hivyo. Bolamba akirudi nilimuuliza, "Ulipita?" "Nilipita." "Taa?" "Iliwaka." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mama yangu mwaka mzima, na mjumbe wake alikuwa mpira wenye meno.

Maana mazungumzo mengine sikuwa nayo. Ule ua ulijaa watu na maneno, lakini maneno hayakuwa yangu. Wanawake walisema Kilokele wao kwa wao, na wakinigeukia mimi walisema Lingala, na mimi Lingala yangu ilikuwa ya soko: bei gani, ongeza, punguza. Na juu ya maneno ya midomo walikuwa na maneno ya mti. Lokole, ninyi mnaiona kanisani mnadhani ni ngoma ya nyimbo. Wakati ule ilikuwa inasema. Gogo lililochimbwa tumbo, lina midomo miwili, mmoja una sauti ya juu, mwingine ya chini, na Mlokele akiipiga, Mlokele mwingine ng'ambo ya mto anajua nani amekufa, nani amefika, nani aje na chumvi. Mwenye kuipiga pale kwetu alikuwa mzee Lofemba, aliyekaa ukingoni mwa mto na nyavu zake. Ikilia, wanawake wa ua walisimamisha miko ndani ya sufuria, wakasikiliza vichwa vimeinama upande, halafu wakacheka wote pamoja, au wakasema "eeeh!" wote pamoja. Na mara nyingine, wakishacheka, mmoja wao alinitazama mimi.

Huyo alikuwa Mama Bolumbu, mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye ulimi kama wembe mpya. "Mungwana!" ndivyo alivyoniita, jina sikuwa nalo. "Mungwana, lokole imesema hadisi muzuri, na weye umekaa kama gunia ya mihogo!" Nilimuuliza, "Imesema nini?" "Aaa, hadisi ya lokole haitafsiriwi. Ni kama kumutafunia mutu nyama." Wakacheka. Jioni walitwanga ndizi za lituma, mapigo ya mchi ukuta kwa ukuta, na samaki alikuwa juu ya moto, na waliniita, "Yaka kolia!" yaani njoo ule. Nilikwenda mara chache. Siku moja ilikuwa nyama ya porini, sijui aliichinja nani wala kwa jina la nani, nikageuza uso. Baada ya hapo wakiita nilisema nimeshiba. Mtu anayesema ameshiba kila siku watu humwamini. Nikawa nakula chumbani, sahani yangu magotini, sahani ya Bolamba imefunikwa, nikisikiliza wanavyolamba vidole upande wa pili wa ukuta.

Mambo yakawa hivyo hadi siku Bolamba aliporudi na kikapu kitupu na uso mzito. Hakunawa. Alikaa mlangoni akaitazama baiskeli kama anaitazama ndugu aliyeiba. "Patron Mgiriki ameniita," akasema. "Anasema wazungu ya avenue wamechoka. Kinga inaamusha imbwa, imbwa inaamusha batoto, batoto inaamusha madamu, na madamu anamuamusha patron kwa telefone. Donc, basi, nibadilishe mipira, ao mutu mwingine apeleke mukate." Nilicheka kwanza, kwa sababu ya mbwa. Halafu nikaelewa. "Pita njia ingine," nikasema. "Mukate haina njia ingine, Zaina. Milango iko pale iko." "Shuka, isukume kwa mikono pale kwa wazungu." "Avenue muzima? Mukate itafika imeota ndevu." Nikasema neno ambalo nilikuwa nalizunguka: "Na mama?" Bolamba alichukua kijiti akatoa udongo kati ya meno ya mpira, jino kwa jino. "Nikikosa kazi," akasema, "nitapita pale na nini?"

Nilisema nitakwenda naye kuchagua. Wanaume hawakuwa wanakwenda na wake zao kuchagua mipira, lakini nilifunga kitambaa kichwani nikatoka mbele. Duka lilikuwa la Mreno, refu na lenye giza, linanukia samaki wa chumvi na mafuta ya taa, na mipira ilining'inia juu kwenye miti kama vipande vya nyoka. Mipira ya kinga za kawaida haikufaa. Gurudumu la baiskeli ile lilikuwa dogo kidogo, na mpira wa mji ulicheza juu yake kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Mreno akapanda ngazi, akanung'unika kwa lugha yake, akashuka na aina mbili zilizoingia. Akaziweka mbele yetu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, laini kabisa, nyeusi inang'aa. Nikaipitisha mkono, nikasikia damu inanipanda. "Bolamba, tuondoke. Muzungu huyu anatuuzia mipira ya zamani. Angalia, imekwisha kuliwa! Hakuna hata jino!" Mreno alijua Kiswahili kuliko nilivyodhani. Alicheka hadi akashika meza. "Mama, imezaliwa hivyo! Hata mutoto wako atazaliwa bila meno, utamurudisha?" Watu waliokuwa wananunua chumvi wakageuka. Bolamba naye akacheka, msaliti. Nilisimama pale na aibu yangu, lakini nawaambia, hata leo kitu kipara machoni pangu ni kitu kilichochoka.

Nadine, jibu lako liko hapa. Soma hapa, kwingine ruka. Ule mpira laini kabisa ni mwepesi, unakimbia peke yake kwenye gudroni, lakini ni wa mtu asiyebeba kitu. Ukiweka mzigo nyuma, ukipiga ukingo wa shimo, chuma cha gurudumu kinabana mpira wa ndani na kuutoboa, na mvua ikinyesha unakuangusha kwenye kona mbele ya watu. Aina ya pili Bolamba aliibonyeza kwa kidole gumba, mimi pia nikabonyeza, kama mtu anavyobonyeza papai. Ilikuwa nene kidogo kuliko ya kwanza. Katikati, pale inapogusa barabara, ilikuwa laini yenye mistari midogo. Pembeni ilikuwa na ukali ukali, wa kushika udongo mtu anapokata kona. "Hii," Bolamba akasema. "Juu ya gudroni inakimbia, huku kwetu kwenye udongo inashika kidogo." Mimi nikamuuliza Mreno, "Na ipi inapiga kelele?" Akaniangalia vizuri. "Mama, miaka yangu yote hapa, watu wananiuliza ipi haipigi." Bolamba akachukua ile ya mistari. Alichagua vizuri. Nasema hivyo leo bila kinyongo. Siku ile nilirudi nyumbani nimebeba mipira ya meno mkononi, nikaitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Kesho yake aliondoka na sikumsikia. Nilisikia mlango, nilisikia mchanga kidogo chini ya gurudumu, ssss, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, halafu hakuna. Nikangoja mfereji. Nikangoja gudroni. Barabara ilikuwa pale na mume wangu alikuwa juu yake na hapakuwa na kitu. Aliporudi uso wake ulikuwa umefunguka. Alisema miguu yake haikumjua, alisema baiskeli inakwenda kama imemwagiwa mafuta, mkate umefika moto, mbwa wamelala, madamu amelala. Singeweza kumkasirikia furaha yake. Nikamuuliza, "Ulipita?" "Nilipita." "Taa?" "Iliwaka." Lakini safari hii taa ilikuwa ni taa tu. Yeye aliiona, yenyewe haikumsikia.

Siku zile ziliniingia mwilini. Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa ua wanavyokohoa asubuhi, nani anakohoa nini, nilisikia mto, nilisikia jogoo ambaye sikujua kama ni wetu. Hakuna kitu kilichokuwa cha kwangu katika sauti zote zile. Mchana mmoja nikiwa peke yangu nilishusha mpira mmoja wa meno, nikaulaza magotini, nikapitisha mgongo wa kijiko juu ya meno yake. Krrrr. Haikuwa sauti yake, ilikuwa kama mtu anayeiga mtu aliyekufa. Nikapitisha tena. Nilipoinua macho Mama Bolumbu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Nilingoja ulimi wake. Aliweka lile bakuli chini, lituma na kipande cha samaki, samaki mtupu, hakuna nyama, akaenda zake. Nilikula yote, nikaosha bakuli, nikalirudisha, na hatukulizungumza.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda, Bolamba yuko mjini bado, mimi nafua. Lokole ikaanza kulia kule ukingoni. Sikuinua hata kichwa. Lakini niliona miguu ya wanawake imesimama yote. Halafu Mama Bolumbu akaja akinikimbilia, mwanamke mnene vile, matiti yanaruka, mikono imejaa unga. "Mungwana! Simama! Fagia! Toa hiyo maji ya sabuni ku mulango! Mama yako iko njiani!" Nikadhani ni mchezo wao. "Nani amekwambia?" "Lokole, basi nani? Mama mumoja wa nguo nyeupe, ameshika sandali mukononi, alipotea akafika kwa wavuvi, anauliza nyumba ya kinga ya mukate. Wako wanamuleta. Fagia, mutoto ya watu!" Sikufagia. Nilisimama na povu viwikoni. Wao ndio waliofagia. Mmoja akaleta mkeka, mwingine akaondoa chungu cha pombe ya mchikichi akakificha nyuma ya choo, na watoto wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Na kweli, kati ya migomba, nguo nyeupe.

Mama alisimama mbele yangu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anahesabu viungo. "Uko muzima," akasema. "Niko muzima, mama." "Na yule?" "Iko ku kazi." "Iko muzima?" "Iko muzima." "Sasa kinga yake?" Nikasema, "Alibadilisha mipira, mama." "Mipira." "Ya meno ilikuwa na makelele. Wazungu walikataa." Mama akakaa kwenye mkeka, hakukaa, alianguka, akajifunika mdomo kwa ushungi, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi, akasema, "Mipira! Na mi nimekuya kuzika mutu!"

Akaniambia. Akasema kila alfajiri kwenye jiwe lake la kunawa aliisikia ikipita, naye alikuwa hamimini maji mpaka ipite. Halafu haikupita. Akajua nimekufa, au mume amekufa, au tumekwenda mbali. "Lakini si mimi nilisema kwanza," akasema, akishusha sauti. "Baba yako njo alisema. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, 'Ile kitu haijapita.' Siku ingine tena: 'Haijapita.' Leo aliweka kikombe chini, hakukunywa. Nikachukua ushungi, nikaufunga mbele ya macho yake. Hakuuliza naenda wapi. Alisema tu, 'Jua iko kali. Pita kivulini.'"

Niliweka uso wangu kwenye magoti yake, na hayo mengine ni yangu.

Alikula. Mama Bolumbu alileta lituma na samaki, akamwekea maji ya kunawa kwa heshima ambayo sikujua kwamba anayo. Halafu hakuweza kujizuia. "Mama, mutoto yako hatusemeshi. Anasema ameshiba, ameshiba, na amekonda kama ufagio." Mama akatafuna kwanza. "Hata kwetu alikuwa hivyo. Mumulazimishe." Walicheka wote, na mimi ndani. Ndipo nikamuuliza Mama Bolumbu kitu nilichoogopa mwaka mzima: "Hii lokole yenu, mimi inaniitaje?" Wanawake wakatazamana. Maana kila mtu wa pale alikuwa na jina la lokole, jina refu, si neno moja. Mama Bolumbu akasema kwa Lingala, halafu akatafuta Kiswahili chake, polepole: "Mwanamuke mwenye anasikiliza barabara." "Tangu lini?" "Tangu ile wiki ulifika. Unafikiri tuko vipofu? Asubuhi yote unafungua dirisha na giza, unatoa sikio inje." Kumbe ndicho walichokuwa wanacheka. Kumbe, pia, walikuwa wameona.

Mama aliondoka kabla jua halijageuka. Pale mferejini, udongo unapokwisha, alisimama akavaa sandali zake. Nikamwambia Bolamba anaweza kurudisha meno, akazunguka mbali na wazungu, tutafute kazi nyingine. "Acha," akasema. "Muambie apite tu. Sasa nikisikia kimya nitajua ni mupira, si kifo." Baba hakuja mwaka ule. Alikuja baadaye, na alipokuja alikaa kwenye kiti karibu na baiskeli, akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akasema, "Iko muzuri." Hilo nililichukua kama msamaha, kwa sababu lingine halikutolewa.

Yote hayo yamerudi kwa sababu ya swali la Nadine. Nyumba sasa iko kimya alfajiri. Naamka saa ile ile, nafungua dirisha na giza, natoa sikio nje, kizee mzima. Kimya hiki si mpira. Najua. Hakuna pa kwenda na ushungi wangu. Lakini nyinyi mko hai bado, mmetawanyika, mmoja Kabondo, mmoja ng'ambo ya mto, mmoja Kinshasa, na nawasikia mkisema, "Sijui yuko wapi huyu, nilimwandikia kwenye telefone, hajibu," mkiendelea kula.

Nadine amenunua ile ya mistari. Nimeibonyeza kwa kidole, ni nzuri. Jumapili iliyopita nikawaita mlio karibu, nikagonga sufuria kwa mwiko mpaka mkanyamaza, nikasema hivi, na sitarudia: "Kila mutu atie mipira anayotaka. Lakini mutu ya nyumba hii akinyamaza, musipige tena telefone. Ule mwenye kuona kimya wa kwanza, njo huyo anaenda, asingoje mukubwa, anaenda mpaka ku mulango. Na kama jua iko kali, apite kivulini."